Kijumba cha Mvule

Shivachi alipoteza mkono wake wa kulia Jumamosi asubuhi, mbele ya Kawangware nzima na nusu ya Kibera, na mpaka leo ukimwuliza atakwambia uliliwa na mungu wa Kijapani. Usicheke. Mkono wenyewe bado anao, umening'inia pale begani, ila kiganja kimekuwa bapa kama chapati iliyokaliwa na shangazi mnene.

Kabla ya hapo ulikuwa mkono wa kutengeneza majeneza. Karakana yake ilikuwa Kibera, pembeni mwa Soko la Toi, na sifa zake zilifika mpaka kwao Isukha. Jeneza la Shivachi likishushwa kaburini, mchwa walikuwa wanakuja kulionja, wanafanya kikao, kisha wanatawanyika kwa huzuni. Alitumia mvule mtupu. Ukimtajia saipresi alikuwa anatema mate kando na kusema, "Huo ni mti wa kuwashia jiko."

Balaa lilianzia kwa mwanawe wa pekee, Elvis. Kijana alikuwa anauza mitumba Toi, na kama wauza mitumba wote alikuwa na ule mti mrefu wenye ndoana ya chuma kichwani, wa kutungulia nguo zilizotundikwa juu. Siku moja aligombania mteja na Wambua, muuza mikanda kutoka Kawangware. Maneno yakawa matusi, matusi yakawa mateke, na Wambua alipomrukia kooni, Elvis akarusha ule mti bila kuangalia. Ndoana iliingia kwenye jicho la kushoto la Wambua. Ilipotoka haikutoka peke yake.

Basi hapo Toi pakawaka. Kesho yake vijana wa Kawangware walishuka na mapanga, wakachoma kibanda cha Elvis, wakampasua mlinzi wa soko kichwa mpaka mfupa ukachungulia. Keshokutwa vijana wa Kibera wakapanda Kawangware kulipiza, na kinyozi mmoja asiyejua hili wala lile akakatwa sikio kwenye kiti chake mwenyewe. Na kila upande ulipokuwa unapiga, ulikuwa unapiga kelele jina moja: Elvis.

Siku vijana wa Kawangware walipofika karakanani, Shivachi alikuwa anapiga randa. Aliwasikia wakija, viatu vikipiga lami kama mvua ya mawe, akafanya jambo ambalo fundi wa majeneza peke yake angelifikiria. Alimlaza mwanawe kwenye jeneza la mteja, akafunika, akakaza msumari mmoja, akarudi kwenye randa yake akipiga mluzi.

"Niaje, buda," akasema kiongozi wao, jamaa mwembamba aitwaye Kevin. "Mtoi wako ako wapi?"

"Mtoto wangu ni mkubwa. Haniagi."

"Usitubebe ufala, mzee. Na hizi maboxi?"

"Hizo ni za watu. Ukitaka moja sema, nikupime."

Wenzake wakacheka, lakini Kevin hakucheka. Alichukua panga, akaanza kulidunga jeneza moja moja, pale kifuniko kinapokutana na ubavu. La kwanza, kavu. La pili, kavu. La tatu panga likazama, likakwama kidogo. Shivachi aliendelea kupiga randa. Alikuwa anapiga mahali ambapo hapakuwa na mbao tena, anaranda meza. Kevin akalivuta panga, akaangalia ncha yake upande mmoja, upande ambao haukuwa na kitu, akalirudisha kwenye ala.

"Tutarudi, buda. Tukimpata tutampika."

Walipoondoka, Shivachi alifunua. Elvis alikuwa ameuma mkono wake mwenyewe mpaka meno yakakutana, na paja lake limefunguka, damu imejaa kwenye jeneza kama supu kwenye sufuria. Hakuwa ametoa hata sauti.

"Fathe," akanong'ona, "hii box ni poa, lakini sitaki kurudi ndani."

Ndipo Shivachi alipomkumbuka Morita.

Morita alikuwa Mjapani wa Riruta Satellite. Alikuja zamani kufundisha useremala Kawangware, akamwoa Wacera aliyekuwa akiwapikia mafundi, akasahau kurudi kwao. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kijapani mbele na ya Kikikuyu nyuma, maana Wacera ndiye aliyemfundisha. Alikuwa mkali, mwenye gubu, na nusu ya maseremala wa Kawangware walikuwa wamewahi kupigwa na fimbo yake ya kupimia. Mmoja wao alikuwa Kimanzi, mchonga vinyago wa Machakos, ambaye kwa bahati mbaya ndiye baba yake Wambua.

"Mzee Morita," Shivachi akaanza, "wewe Kimanzi anakusikiliza. Mwambie aniachie mtoto."

"Jicho limerudi?"

"Halijarudi."

"Basi nimwambie nini? Kunywa chai."

Wakanywa chai. Morita akainuka, akaenda chini ya kitanda, akarudi na kipande cha mti kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Alipokifungua chumba kikanukia ndimu.

"Hii ni nguzo ya hekalu kwetu," akasema. "Shinto, dini ya kale ya kwetu. Hekalu la zamani sana, hakuna mtu anajua lilianza lini. Kila kizazi linabomolewa, linajengwa upya hapo kando, ili fundi asisahau kazi. Mti mzee hautupwi, unapewa hekalu lingine. Babu yangu alijenga. Baba yangu alijenga."

Akaeleza kwamba zamani za kale, kijiji cha juu na kijiji cha chini vilikuwa vinachinjana kwa ajili ya mfereji wa mashamba ya mpunga. Walichinjana mpaka mchele ukapikwa ukiwa mwekundu. Wajane wakawa wengi kuliko miti. Basi mwanamke mmoja mtunza hekalu akatengeneza vijumba viwili vya mbao, akamweka mungu nusu huku nusu kule, akavifunga kwenye miti mirefu ya kubebea, akawaita wanaume wa pande zote. Akawaambia, nyinyi hamjui kupigana, mnajua kuzikana tu. Wacheni miungu wapigane. Toka hapo kila mwaka vijumba vinatolewa, vinabebwa mabegani, vinagonganishwa.

"Watu wanakufa?" Shivachi akauliza.

"Wanakufa, wanavunjika. Lakini damu ya chini ya ile miti ni ya mungu. Hakuna mtu anaidai. Hata ndugu yake." Morita akakunja uso. "Sasa kijiji kimeisha. Vijana wote wako mjini. Mara ya mwisho nilipokwenda kutazama, wazee walishindwa kuinua kijumba, wakakiweka kwa pikapu. Pikapu! Mungu akaona aibu, mimi pia. Nikakata hiki kipande, nikarudi Satellite."

Shivachi alikuwa tayari amesimama. Damu ya Isukha ilikuwa imempanda. Huko kwao, Jumamosi asubuhi, mafahali wawili hutolewa mazizini kwa ngoma za isukuti, wakakutanishwa pembe kwa pembe, na ujana wake wote alikuwa amewakimbilia nyuma akiwa na tawi mkononi.

"Nimeelewa! Ni kama mafahali."

"Si kama mafahali. Sikiliza. Kijumba kinajengwa na mti laini, saipresi, bila msumari, na kazi ya kijumba ni—"

"Mzee Morita, mambo ya kugonganisha vichwa usinifundishe. Sisi ndio tuliyaanzisha."

"Utafuata sheria za hekalu?"

"Zote!"

Morita akakunja mikono ya shati. Kisha akashika msumeno, akakikata kile kipande cha nguzo katikati, nusu moja ya kuwekwa ndani ya kila kijumba.

Kimanzi alikubali, lakini si kwa upole. Walikutana sebuleni kwa Morita, Kimanzi akiwa na mikono mikubwa yenye makovu ya patasi, wala hakutaka kukaa.

"Baba Elvis," akasema, "mimi si muuaji. Lakini mwanangu anapoamka asubuhi anapapasa upande mmoja kama kuku aliyeingia giza. Hao vijana watamkata mtoto wako na watafungwa, na mama zao watakuja kulia kwangu. Kwa hivyo sawa, tupigane hivyo. Mkishinda, Elvis ni huru, hakuna mtu atamgusa Kawangware wala Kibera. Tukishinda sisi, tunamchukua, na wewe hutauliza tumemfanya nini."

"Kwa sheria za hekalu," akasema Morita.

"Kwa sheria za hekalu," wakasema wote wawili. Wakapeana mikono, kila mmoja akijaribu kuvunja vidole vya mwenzake.

Shivachi alijenga kama mtu anayejenga jeneza la dunia. Saipresi? Thubutu. Alitumia mvule, tena wa moyo, mweusi kwa uzee. Akaweka mihimili minene kama paja, akaipitisha mmoja ndani ya mwingine, akaifunga yote kwa kigingi kimoja kikubwa chini ya sakafu, kigingi alichokiita mama. Kazi ile ilikuwa na siri ya ufundi wake wote: ukikipiga kijumba kutoka nje, kila pigo lilizidi kukaza mama. Alikijaribu kwa nyundo ya kuvunjia mawe. Nyundo ikavunjika mpini. Akakifunika kwa shuka, maana Morita alisema kisionekane kabla ya siku yake, akalala usingizi wa kwanza toka jicho lile litoke.

Jumamosi ikafika. Kiwanja cha vumbi cha Kawangware kilijaa mpaka watu wakapanda juu ya mabati. Wabebaji wa pande zote mbili walimwagiwa maji baridi kichwani, kila mmoja ndoo yake, na Morita alipita na fimbo ya kupimia akimcharaza yeyote aliyetukana baada ya kunawa. Mchungaji wa kina Shivachi alikuwepo pia. Alisema amekuja kukemea, lakini alikuja mapema akachukua mahali pazuri.

Katikati, kwenye stuli, alikaa Elvis. Alifungwa kamba nyeupe ya katani kiunoni, paja lake limefungwa bendeji. Nyuma yake walisimama Kevin na wenzake, mapanga chini ya makoti. Kando yao Wambua, pamba usoni.

Shuka zikavutwa. Kijumba cha Kimanzi kilikuwa cha saipresi, cheupe, paa lake limechongwa ndege na maua mpaka ungeogopa kukipulizia. Kibera wakaangua kicheko. "Hiyo ni keki ya harusi!" Kisha kikafunuliwa cha Shivachi, cheusi, kizito, kimenuna. Kibera wakashangilia. Morita peke yake alifumba macho kama mtu aliyeumwa jino.

Isukuti zikalia upande wa Kibera. Filimbi za Wakamba zikajibu. Shivachi mwenyewe alishika mti wa mbele kabisa.

"Twende!"

Walipokutana mara ya kwanza, kishindo kilisikika mpaka Nyayo Highrise, wanawake wakazima gesi wakidhani ni ya jirani. Maua ya Kimanzi yaliruka angani. Kibanzi kimoja kilitua kwenye shavu la mbebaji wa Kawangware na kutokea mdomoni, naye hakuachia mti. Mtu mmoja wa Kibera alibanwa kifua kati ya miti miwili, mbavu zikalia kama vijiti vya kuwashia moto. Walimvuta miguu, mwingine akaingia mahali pake.

Mara ya pili Shivachi alikutana uso kwa uso na Kimanzi. Hakukuwa na nafasi ya ngumi, kwa hiyo Kimanzi akampiga kwa paji la uso, na meno ya mbele ya Shivachi yakamwingia kooni. Shivachi akayatema machoni mwa Kimanzi. Chini, vumbi lilikuwa limekuwa tope jekundu. Kidole cha mtu kilibaki kwenye mti wakati mwenyewe alikuwa ameshaanguka.

Mara ya tatu kijumba cha Kimanzi kikapasuka. Paa liligawanyika, ndege wakamwagika, kuta zikajikunja, na nusu ya nguzo ya hekalu ikadondoka kwenye tope. Kijumba cha mvule hakikuwa na hata mkwaruzo.

Shivachi aliinua mikono. Mdomo wake ulikuwa shimo la damu lakini alikuwa anacheka. "Mwanangu!" akalia. "Mwanangu ni wangu!" Kibera yote ikaruka, na hata mchungaji akaonekana akikumbatia mpiga isukuti.

Morita akapiga makofi mawili. Kelele zikapungua.

"Kawangware imeshinda," akasema.

"Nini?"

"Mungu anatoka ndani akivunjiwa nyumba. Ndiyo furaha yake. Ndiyo kazi ya kijumba, kuvunjika. Kile kinavunjika kwanza, mungu amekubali watu wake. Nilikuwa nakwambia, ukanifundisha mambo ya ng'ombe." Alikionyesha kijumba cheusi kwa fimbo. "Wewe umemfungia mungu kwenye jeneza."

Shivachi alimgeukia Kimanzi. Kimanzi, damu ikimtiririka kwenye nyusi, hakucheka. "Mimi alinieleza," akasema. "Mimi nilimwacha amalize."

Nyuma yao makoti yalifunguka, mapanga yakatoka. Kevin alimshika Elvis kwa ile kamba, akamvuta kutoka kwenye stuli, akampiga ubapa wa panga shingoni, pigo la kupima. Elvis akaanguka magoti. Alimtafuta baba yake kwa macho.

"Bado!" Shivachi akapiga kelele, meno yaliyobaki yakicheza. "Mungu wangu hajatoka! Mzee Morita, inaruhusiwa kumaliza mungu mmoja akiwa bado ndani?"

Morita akafikiri. "Mpaka vyote vivunjike, haijaisha."

"Umesikia, Kevin? Haijaisha! Kibera, inueni!"

Wakainua. Wakakimbia na kijumba mpaka ukuta wa mawe mwisho wa kiwanja, wakakigonga kwa nguvu zao zote. Ukuta ukaanguka. Mbuzi wa mtu akatoka upande wa pili akikimbia. Kijumba kilikuwa kizima. Wakakirudisha, wakakiangusha juu ya jiwe, jiwe likapasuka. Kila pigo lilikuwa linamkaza mama. Shivachi alilitambua hilo kuliko mtu yeyote pale, na akaanza kulia kwa hasira, akiulaani mkono wake mwenyewe kwa kazi nzuri.

"Inatosha," Kevin akasema, akainua panga, safari hii makali chini.

"Kiinueni juu!" Shivachi akanguruma. "Juu ya vichwa! Mshike hapo hapo!"

Wanaume wakakiinua mpaka mikono ikatetemeka. Shivachi akaokota nyundo, akaingia chini yake peke yake. Walielewa alichotaka, na mmoja akasema, "Baba Elvis, toka hapo, hiyo kitu itakumaliza." Akamjibu asitikisike. Alipapasa sakafu ya kijumba kwa vidole vya mkono wa kulia mpaka akampata mama, akamshika hapo, akampiga kwa nyundo ya mkono wa kushoto kinyume cha njia aliyoingilia, upande ambao hakuna adui angeufikia.

Mama akatoka.

Mvule wote ulishuka kwa pamoja. Mhimili wa kwanza ulimvunja bega. Wa pili uliukuta mkono wa kulia juu ya jiwe lililopasuka na kuukalia. Waliosimama karibu walisikia mifupa ikisagika kama karanga kwenye kinu, kisha wakasikia kitu kibaya zaidi, nacho ni Shivachi kunyamaza. Kutoka kwenye rundo la mbao nyeusi ikatoka nusu ya pili ya nguzo ya zamani, ikabingirika taratibu, ikasimama karibu na ile nyingine. Tope la damu likanukia ndimu.

Morita akapiga makofi mawili tena. "Vyote vimevunjika. Kawangware wa kwanza, Kibera wa pili. Imeisha. Damu yote iliyo hapa ni ya mungu."

"Lakini tumeshinda," akasema Kevin, panga bado juu.

"Mmeshinda. Elvis ni wenu."

Ndipo Wambua alipotembea. Alikuja akigeuza kichwa chote kutafuta njia, na hata hivyo akagonga bega lake la kushoto kwenye mti wa kubebea, akayumba. Hakuna aliyethubutu kumshika. Akamwangalia Elvis, akamwangalia Shivachi ambaye walikuwa wanamvuta kutoka chini ya mbao, na kile kiganja kilichobaki bapa kwenye jiwe.

"Kevin, weka hiyo kitu chini," akasema.

"Msee, huyu ndiye alikutoa jicho!"

"Najua. Nilikuwepo." Akamgeukia Elvis. "Hii side ya left siioni. Kila mtu ananigonga nayo. Mimi nabeba kijumba chetu mwaka ujao, na wewe utabeba left yangu. Utatembea left yangu, utauza left yangu, tukivuka Naivasha Road utakuwa left yangu. Ukikimbia, nitakutafuta na hili jicho moja." Akageuka kwa baba yake. "Ama aje, fathe? Si ni wetu?"

Kimanzi alijifuta damu kwenye nyusi. "Ni wetu," akasema. "Tumemchukua. Na Baba Elvis aliahidi hataniuliza tunamfanya nini."

Shivachi alikuwa amefungua macho. Alitema kipande cha jino. "Siulizi," akasema, kisha akazimia.

Basi Elvis akahamia Kawangware, na mpaka leo anauza mikanda upande wa kushoto wa Wambua. Shivachi hajawahi kutengeneza jeneza tena. Lakini mwaka uliofuata, Jumamosi ileile, alikuwepo kiwanjani, akiwaongoza watu wa Kibera nyuma ya kijumba alichowasimamia kukijenga kwa saipresi nyepesi kiasi kwamba waliokipaka rangi walikatazwa kukohoa.

Ng'ambo ya pili alimwona mwanawe chini ya mti wa Kawangware, mabega yamevimba, pua imevunjika kwenye mazoezi, bega lake limebanana na bega la Wambua. Isukuti zikaanza. Shivachi akasogea mbele ya wabebaji wake mpaka Morita akamtishia fimbo, akainua kile kiganja bapa juu ya kichwa, akamwita mwanawe kwa sauti ya watu wa mafahali.

"Elvis! Ukinionea huruma nitakulaani! Kuja na pembe, kijana! Nivunjie nyumba yangu kabla yenu haijavunjika!"

Elvis akainamisha kichwa, akatoboa vumbi kwa kisigino, akaja.